Nilivyobandika vinia kwenye uso wa mawimbi kwa pasi na gundi nyeupe

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kubandika vinia, yaani karatasi nyembamba ya mbao halisi, kwenye uso uliopinda aliniambia nitumie gundi ya mpira. Paka pande mbili, subiri ikauke, bandika, kazi imekwisha. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu siku ya kwanza unaonekana wa kweli. Gundi ya mpira haigandi ikawa ngumu kabisa, inabaki na ulaini wake. Kwenye ubao ulionyooka ulaini huo hausumbui sana. Kwenye tao, vinia inavuta ili inyooke muda wote, na gundi laini inaiachia kidogo kidogo. Chumba kikipata joto, au vanishi yenye thina kali ikipenya kwenye vinyweleo vya mbao, malengelenge yanaanza kutokea. Na ikishagusana, huwezi kuisogeza hata kwa milimita moja.

Uso wa kabati nililokuwa nalo ni wa sentimita 90 kwa 60, una tumbo katikati na bonde kila upande. Nimeufunika wote kwa vinia ya milimita 0.6, kwa gundi nyeupe ya kawaida ya mbao na pasi ya nguo. Hakuna lengelenge hata moja, na ninajivunia mabonde kuliko kitu kingine chochote kwenye kabati lile.

Gundi nyeupe iliyokauka inalainika tena ikipata joto, na inaposhuka joto ndipo inaposhika. Wanaoshindwa wengi wanashindwa hapo: wanapiga pasi vizuri, wanaiondoa, wanageuka kuchukua kifaa kingine. Gundi bado laini, vinia inajiinua, kisha gundi inapoa ikiwa imeachana na ubao. Tao lolote unalotaka lishike, lazima likandamizwe mpaka lipoe.

Nyuzi za vinia nilizisimamisha wima, sambamba na urefu wa bonde, kwa kuwa vinia inakunjika kirahisi nyuzi zikiwa upande huo. Ukiilaza nyuzi kukatisha tao, inakataa kukunjika, na tao likiwa kali inaweza kupasuka. Tao likiwa kali sana, pitisha kwanza upande wa nje wa vinia kwa kitambaa chenye unyevu, ikunje taratibu juu ya bomba la moto, iache ikauke ikiwa imefungwa katika umbo hilo, ndipo uipake gundi. Umbo la mviringo kama mpira wa kuchezea halifunikwi kwa kipande kizima hata ufanyeje, linataka vipande vyembamba vilivyochongoka ncha mbili kama pande za chungwa.

Gundi nilipaka kwa rola ndogo ya sponji, mikono miwili (yaani matabaka mawili) kwenye MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa ambao uso wa kabati umetengenezwa nao, na miwili nyuma ya vinia. Kingo za MDF zinakunywa sana, kwa hiyo ziongezee mkono wa tatu. Vinia ikipata gundi mbichi inajikunja mara moja. Nyunyizia upande wa pili maji kidogo tu, itatulia. Kisha subiri gundi iache weupe, ing'ae, na kidole kisinate kabisa. Usiharakishe hapa. Unyevu ulionasa chini ya vinia unageuka mvuke pasi ikipita, na mvuke ndio unaoinua. Ila usiiache siku nyingi pia, kwani gundi iliyokaa inakuwa ngumu kuamka. Mimi hupiga pasi siku hiyohiyo au kesho yake.

Pasi iwe kavu, bila mvuke, kwenye alama ya pamba. Kati ya pasi na vinia weka karatasi isiyo na maandishi, la sivyo wino utahamia kwenye mbao. Kama vinia ni ya mwaloni, usiruhusu chuma kigusane nayo ikiwa na unyevu: tanini, kemikali iliyomo ndani ya mwaloni, ikikutana na chuma inatoa doa jeusi la bluu ambalo msasa hauliondoi, mpaka utumie asidi ya oksali.

Anza na mabonde, usianze na tumbo. Ukishabana tumbo na kingo kwanza, vinia inabaki imevutwa kama daraja juu ya bonde, na ukiisukuma chini inapasuka, kwa sababu haina pa kutoa ziada.

Tatizo la bonde ni kwamba pasi haiingii. Pasi ina upana wa sentimita 11 hivi, na bonde langu lina nusu kipenyo cha sentimita 20. Ukiiweka humo, kingo zake mbili zinagusa na katikati panabaki nafasi ya karibu milimita 8. Unaunguza pembeni huku katikati pakiwa baridi. Niliambiwa niinamishe pasi nitumie ncha yake. Ncha inapasha kamstari kembamba, na ukifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshapoa na kuinuka.

Kilichofanya kazi ni njia ya zamani ya maseremala: mfuko wa mchanga wa moto. Nilichekecha mchanga mwembamba, nikaukausha kwenye sufuria, nikaendelea kuupasha huku nikiukoroga. Kipimo changu ni karatasi nyeupe: nachomeka kipande ndani ya mchanga kwa dakika moja. Kikitoka na rangi ya kahawia, mchanga umezidi, usubiri. Niliumimina kwenye mfuko wa kitambaa kizito cha pamba, nikaujaza theluthi mbili tu ili uweze kulala. Uso wa kabati ukiwa umelazwa chali, vinia na karatasi vikiwa mahali pake, niliutandaza mfuko bondeni kuanzia katikati kwenda nje, nikausukuma kwa viganja vyenye glavu nene mpaka mchanga ukafuata umbo lote. Juu yake ubao, juu ya ubao mzigo mzito. Halafu niliuacha mpaka mfuko ukawa wa baridi mkononi. Mchanga unapoa polepole, na wakati wote huo unakandamiza. Joto na mgandamizo vinatoka kwenye kitu kimoja, na hakuna anayelazimika kukimbilia klampu.

Tumbo ni rahisi. Pasi kwa sekunde 5 hadi 10 kila mahali, nyuma yake unafuata na kipande cha mbao kilichozungushwa kingo, ukisugua kwa nguvu kufuata nyuzi hadi pawe vuguvugu.

Maungio usiyakate mapema. Vinia inanywea pasi inapoikausha, na ungio lililokatwa kabla ya joto litafunguka. Mimi hupandanisha vipande viwili kwa milimita 5 na kuacha sentimita 3 kila upande wa ungio bila kupasha. Kote kukishapoa, naweka rula nyembamba ya chuma, nakata tabaka zote mbili kwa wembe mpya, natoa masalia ya juu na ya chini, ndipo napitisha pasi.

Kukagua, gonga kwa kucha uso mzima. Mahali palipoachana panalia kama kitu chenye uwazi ndani. Kwanza pasha tena na ukandamize. Pakikataa, gundi haikufika: chana kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, futa inayotoka, kandamiza bila joto mpaka ikauke.

Msasa ni wa mkono tu, namba 180 kisha 240, kwenye kipande cha sponji ngumu kinachofuata tao. Mashine inatoboa milimita 0.6 kabla hujaiona, hasa kileleni mwa tumbo. Kabla ya vanishi, lowesha uso kidogo kwa spiriti: gundi iliyopenya juu itaonekana kama mabaka ya rangi hafifu, na ni rahisi kuyasugua sasa kuliko baada ya mkono wa kwanza.