AC iko kwenye 18, na bado watu wanasinzia

Chumba chenyewe ni cha kazi, mita 5 kwa 6, ghorofa ya tatu, mitaa ya nyuma ya Moi Avenue, Mombasa. Watu wanane, AC moja ya ukutani ya BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza). Kila kaskazi ikiingia, kilio ni kile kile: aliye chini ya AC kajitanda leso, aliye dirishani analowa jasho, na ikigonga saa nane mchana wote kope nzito.

Nilianza na rimoti. AC ya kawaida, isiyo ya inveta (ile inayobadilisha kasi ya mashine yake), haipoozi haraka zaidi ukiiweka nyuzi 18. Kompresa, ile pampu ya gesi ya kupooza, hufanya kazi kwa nguvu ile ile au huzima. 18 maana yake haizimi tu. Niliiweka 25, panka la dari likazunguka polepole. Upepo wa panka hauteremshi joto la chumba, ila mwili huhisi kama nyuzi 2 hivi zimepungua.

Kisha nikapima, kimo cha meza, pembe tatu za chumba. Chini ya AC 21, dirishani 29, unyevu asilimia 74. Kwa unyevu huo jasho halikauki upesi, hata kipimajoto kiseme nini. Mimi hulenga chini ya 60. Kisa kilikuwa chujio: limeziba vumbi, hewa haipiti, mabomba ya ndani yakafanya barafu. Sasa linaoshwa kila wiki mbili kwa maji na sabuni, likaukie kivulini. Mpira wa kutoa maji huota utelezi na kuziba, ndipo AC inapodondosha maji ukutani. Kikombe cha siki kikimiminwa humo kila mwezi kinatosha. Kile chombo cha nje huliwa na chumvi ya bahari. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha kimwagie maji baridi ya bomba bila presha kubwa, maana presha hulaza mapezi yake, yale mabati membamba ya kutolea joto.

Usingizi wa mchana ulikuwa na sababu nyingine kabisa. AC ya ukutani haileti hewa mpya, inazungusha ile ile mliyokwisha kuipumua. Kipimo cha kaboni dioksaidi, ambacho nje husoma kama 420 ppm (sehemu kwa kila milioni za hewa), ndani kilisoma 1,900. Ikipita 1,000 ujue hewa safi haitoshi. Hesabu yangu ni lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, yaani mita za ujazo 288 kwa saa kwa watu wote wanane, nikanunua feni ya kutolea hewa ya inchi 8.

Hapo nilikosea. Niliifunga karibu na AC, ikawa inanyonya ubaridi na kuutupa nje, na pengo lake likajazwa na harufu ya choo cha ukumbini. Nikaihamishia ukuta wa mbali, na upande wa kivulini nikaacha kidirisha wazi upana wa vidole viwili. Usomaji ukashuka hadi 900 na kitu. Usizidishe mwanya: hewa ya nje ya Mombasa huja na maji yake.

Mwanga haukunisumbua sana. Meza ziligeuzwa ili dirisha liwe ubavuni mwa skrini, basi.

Masika yakianza, joto hupungua lakini unyevu hupanda. Wakati huo siishushi AC. Nabonyeza alama ya tone la maji, ikaushe hewa bila kutugandisha.