Gati la mwaloni: kabla ya zege, tupime maji

Kamati ya mwalo, yaani mahali boti zinapofikia ukingoni, upande wa Lang'ata kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, wameniomba niwachoree gati. Wanajua kazi yangu hapa Moshi ni ufundi sanifu, na wanajua shangazi yangu anaishi kule, kwa hiyo hawakuzunguka: wanataka gati la zege na banda la abiria, viwe tayari kabla ya masika. Nimewajibu kwamba nitachora, ila mchoro wa kwanza hautakuwa wa zege. Naeleza sababu hapa, maana najua wengi wao watanisoma kwenye simu.

Kwa asiyelifahamu, Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960. Linapokea mito ya Kikuletwa na Ruvu, na maji yakitoka hapo yanakuwa Mto Pangani hadi baharini. Wilaya za Mwanga, Moshi Vijijini na Simanjiro zote zinapakana nalo. Kulizunguka kwa barabara ni safari ndefu ya vumbi, ndiyo maana watu wanavuka kwa boti: akina mama wa perege, wagonjwa, mahindi, mbuzi, hata pikipiki.

Maji ya bwawa hili hayakai mahali pamoja. Yanafuata mvua za Kilimanjaro na Meru, yanafuata wanaomwagilia huko juu, na yanafuata kiasi kinachoachiwa kwa ajili ya mitambo ya umeme: megawati 8 hapohapo bwawani, kisha Hale, kisha New Pangani Falls. Na ukingo wetu ni tambarare. Maji yakishuka kidogo tu, ufukwe unarudi nyuma hadi boti unaziona kwa mbali. Yakipanda, yanaingia kwenye mashamba ya nyanya.

Nendeni mkaitazame ile ngazi ya zege tuliyojengewa na wafadhili. Kazi ni nzuri, hakuna nondo iliyochomoza. Lakini vipimo vilichukuliwa bwawa likiwa limejaa, kwa hiyo kiangazi inaishia kwenye matope, na kutoka hapo vijana wanabeba abiria mgongoni kwa malipo. Shangazi hataki kubebwa. Nilimwona akiyavuka yale matope, khanga ameifunga juu ya magoti, viatu mkononi, ndoo ya samaki kichwani, mguu mmoja ukizama kwenye shimo la kwato za ng'ombe. Alipofika alishika ubavu wa boti ajivute juu, na boti nzima ikalalia upande wake, na wenzake waliokwisha kukaa wakapiga kelele.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. MV Nyerere, kivuko cha Ziwa Victoria, Septemba 2018, ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika gati la Ukara, imebeba watu wengi kuliko 101 walioruhusiwa. Walikufa zaidi ya 220. Wakati wa kupanda na kushuka ndipo uzito unapohama ghafla, na boti zetu ni ndogo mno kuvumilia hilo. Kumfikisha abiria mkavu kwenye boti iliyotulia ndiyo kazi ya kwanza ya gati. Banda zuri litafuata.

Pendekezo langu ni mpango wa miaka kumi, na mwaka wa kwanza tusijenge kitu cha kudumu. Tusimike nguzo zenye alama za sentimita, kijana mmoja wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi mwaloni, asome na kuandika kila Jumatatu. Kumbukumbu za nyuma tuziombe Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapahapa Moshi. Wakati huohuo tufanye yasiyosubiri: jaketi okozi kwa kila abiria, idadi ya watu iandikwe kwa rangi ubavuni mwa boti, na awepo mtu mwaloni ambaye akisema imejaa, nahodha hana la kujibu.

Tukishajua maji yanafika wapi juu na wapi chini, tujenge tuta la mawe na kifusi kufuata mteremko wa ardhi, na mwisho wake tuweke jukwaa linaloelea: mbao juu ya mapipa ya plastiki yaliyozibwa vizuri, limefungwa kwa minyororo kwenye nguzo, lisogezwe maji yanaposogea. Mafundi wa mitumbwi waliopo kijijini wanaweza kulijenga, na likivunjika ni haohao watakaolitengeneza. Zege linahitaji mfadhili arudi.

Banda na choo vikae juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, na hata tuta lenyewe tuliombee kibali mapema. Choo nakitilia mkazo zaidi, kwa sababu maji hayohayo ndiyo watu wanayochota. Lakini mita 60 kutoka ukingo upi, wa Mei au wa Oktoba? Mimi nitahesabu kuanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa.

Mwenyekiti ameniambia hakuna mfadhili atakayetoa pesa ya kupima. Mzee wangu, nguzo na kalamu hazihitaji mfadhili. Sehemu ndogo ya kila nauli inatosha, na mfuko huohuo ndio utakaonunua minyororo mipya baadaye. Bila mfuko huo mimi siungi mkono ujenzi wowote.

Kwa mkutano ujao naomba wenye mashamba ya ukingoni waje kila mmoja na kijiti. Tutapita pamoja shamba kwa shamba, kila mtu akichomeke pale maji yalipomfikia mwaka yalipopanda zaidi. Mimi nitakuja na utepe na kifaa cha kupimia usawa.