Mageti ya kuzuia wizi dukani, mi nilivyochagua

Nilichoka kuhesabu stoku kila mwezi na kukuta nguo zimeyeyuka, basi nikaanza kusaka yale mageti yanayolia mtu akipita na kitu hajalipia. Kumbe kuna mifumo miwili inayouzwa sana, RF (ya mawimbi ya redio) ya megahezi 8.2 na AM (ya sumaku na mtetemo) ya kilohezi 58, na haisomani kabisa, yaani ukiwa na tagi (vile vidude au stika unazoweka kwenye bidhaa ili geti lizinase) za RF na geti la AM, geti halisemi kitu, mwizi anapita anakuaga. RF kwa kawaida ni nafuu na stika zake ni bapa kama karatasi, ila ukizibandika kwenye bati au karatasi ya alumini zinakosa nguvu. AM inavumilia vizuri zaidi na mageti yanaweza kuachiana nafasi kubwa kidogo, sema bei ndo inauma.

Mi nauza nguo tu, nikachukua RF na tagi ngumu za pini coz zinarudi kazini tena na tena, stika ukishaizima kaunta ndo basi. Alafu nikasahau kununua sumaku ya kufungulia 😂 tagi zilikaa kwenye droo wiki nzima.