Kungwi hakunifunda hili

Nilipotolewa titi la kushoto kwa ajili ya saratani, kila mtu alikuja na swali lake. Mama aliuliza kama nala. Mashoga waliuliza nywele zitarudi lini. Daktari aliuliza kama mkono unavimba. Ya chumbani hakuna aliyeyagusa, na mimi sikuwa na ulimi wa kuyaanza.

Kovu nilikuwa nimejiandaa nalo. Katikati pamekufa ganzi kabisa, lakini upande wa kwapani ukipitisha kidole tu panachoma. Nilichokuwa sikijui ni ukavu. Kemo, zile dawa kali za saratani za kwenye dripu, ilizilaza ovari, hedhi ikakatika ghafla na estrojeni ikashuka, na homoni hiyo ndiyo inayoufanya uke uwe laini na wenye majimaji. Tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, ambayo nitaimeza kila siku kwa miaka isiyopungua 5, ikaniongezea joto la usiku, jasho mpaka shuka linaloa. Sasa mtu anayetupa shuka sakafuni ndiye atamani kukumbatiwa? Tendo lenyewe likawa linauma. Nikaanza kuwahi kulala, siku nyingine usingizi wa kujifanya.

Baba Salma akajua namkimbia. Mimi nikajua nimemkinaisha machoni. Siku tuliyoongea ndipo akasema anaogopa kuniumiza, na tena, hili kwa aibu, kwamba kijiweni waliambizana saratani inaambukizwa kitandani. Haiambukizwi. Tahadhari ya kondomu tuliyopewa wakati wa dripu ilikuwa kwa sababu dawa hupita kwenye majimaji ya mwili kwa siku chache, basi.

Nikaenda Mbagala kwa kungwi wangu. Amezeeka, mdomo ni ule ule. Wakati wa uwali alinifunda mengi, kuanzia shanga mpaka namna ya kumkanda mume. La titi moja halikuwamo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu.

“Mwanangu, kwani lililoolewa ni titi? Mafuta ya nazi si yapo jikoni?”

Nesi wa kliniki hakuikataa nazi. Alisema tu mafuta huharibu mpira wa kondomu, na kondomu tunaihitaji: hedhi kukatika hakuzuii mimba moja kwa moja, tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na vidonge au sindano za uzazi wa mpango zenye homoni kwangu ni marufuku. Kwa hiyo ama kondomu na kile kilainishi cha maji cha famasi, ama kitanzi cha shaba na nazi yetu iendelee. Krimu ya estrojeni nisithubutu kununua kwa ushauri wa muuza duka. Hiyo aamue daktari wa saratani.

Aliyekwenda famasi ni Baba Salma. Muuzaji, anasema, alimfungia ile tyubu kwenye gazeti mara mbili kama anamuuzia gongo. Tulicheka sana, na kicheko kile nadhani kilisaidia kuliko tyubu. Tulikwenda taratibu. Palipouma tuliacha, tukabaki tumeshikana tu, na siku nyingine tukajaribu tena.

Sidiria yenye sifongo bado sijaivua mbele yake taa ikiwaka. Hajaniharakisha.

Kitanzi nitawekewa mwezi ujao. Yeye ameshaanza kuulizia bei ya nazi.