Maharage Ndiyo Yanayokula Msitu

Ukitaka kujua nyumba ya Dar es Salaam inachoma mkaa kiasi gani, usiulize wana jiko gani. Uliza wanakula maharage mara ngapi kwa wiki.

Mtaani kwetu Tabata karibu kila mlango una mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichwa chake juu. Chai ya asubuhi ni gesi, mayai ni gesi, kiporo kinapashwa kwa gesi. Lakini uani, pembeni ya karo, lipo jiko la mkaa la kazi nzito: maharage, makande, makongoro. Wala si ushamba. Watu wamepiga hesabu. Kujaza mtungi mdogo kunazidi elfu ishirini, na maharage yakikaa motoni saa mbili au tatu, mtungi utakuhama kabla mshahara haujaingia. Mkaa unanunua kopo moja leo, kesho Mungu anajua.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono. Ila mabango yote yanaonyesha mtungi, hakuna hata moja linaloonyesha kinachopikwa. Mtungi unaweza kupewa bure siku ya mkutano wa hadhara, kuujaza ni juu yako. Nimeingia nyumba ambazo mtungi umekuwa stuli, nikakaribishwa niukalie.

Mama amekuja kutoka Muheza kukaa nami kidogo, ndiyo maana haya mambo yananizunguka kichwani. Yeye ni mtu wa mkaa. Namwangalia anavyowasha jiko: anachukua kile kimfuko chepesi cha nailoni kilichofungiwa sukari, anakisokota kama utambi, anakiwasha, anakining'iniza juu ya mkaa. Kinadondosha matone ya moto, yanalia zii, zii, na moshi mweusi unapanda moja kwa moja usoni kwake. Hivyo ndivyo uswahilini kwingi jiko linavyowashwa. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli mitaro ilipumua, lakini hivi vimfuko vya kufungia sukari na karanga bado vipo, na vingi vinaishia kwenye jiko. Yaani plastiki tuliyoikataa sokoni tunaivuta kifuani, tena na watoto wakiwa wamechutama hapo hapo wakisubiri uji.

Hilo ndilo la kwanza tulilobadilisha, na halikuhitaji semina. Mama anatia nazi karibu kila chakula, kwa hiyo vifuu havikosekani. Kifuu kikavu kinashika moto upesi, na kikishashika hakizimiki ovyo. Vipande vitatu chini, mkaa juu, basi. Zamani kwao walikuwa wakifanya hivyo hivyo, mwenyewe kanikumbusha. Nailoni ilikuja baadaye.

Mkaa wenyewe sasa. Zamani ulitoka hapa Kisarawe tu, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ikakatwa hadi ikabaki vipara. Siku hizi malori yanautoa mbali zaidi, Rufiji, Handeni, huko Morogoro ndani. Kinachoniuma ni namna unavyotengenezwa. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, yanaachwa yaungue polepole. Kwa tanuri hilo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu zinatoa mkaa kilo 10 hadi 20. Mti mwingi umeshapotea kwa moshi kabla gunia halijashonwa. Ndiyo maana kila kopo ambalo hukulinunua lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, maana nyuma yake kuna kuni mara tano au hata kumi.

Simlaumu anayeuchoma. Kijijini mkaa ndio ada ya shule na bati la nyumba. Na kuna waliouchoma kwa akili. Kilosa, baadhi ya vijiji viligawa sehemu ya msitu wao vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kikikatwa kinaachwa miaka 24 visiki vichipue, na ushuru unabaki kijijini. Miti ya miombo ina tabia hiyo, ukiikata vizuri bila kung'oa mizizi inarudi yenyewe. Tatizo ni kwamba ninaponunua kopo dukani siwezi kujua limetoka kwenye kitalu au kwenye hifadhi iliyoibiwa usiku. Hata dada anayeniuzia hajui. Yeye mwenyewe anapikia gesi. Nilipomshangaa akacheka: "Dada, huu ni wa kuuza. Nikianza kuupikia nitakula mtaji."

Kwa hiyo nimeacha kujiuliza maswali makubwa ya kuokoa dunia. Ushauri mwingi ninaousoma mtandaoni ni wa watu wengine kabisa: punguza kupanda ndege, punguza nyama. Ndege gani? Nyama yenyewe kwetu inasubiri Jumapili. Cha kwangu ni lile sufuria la maharage, na humo nina mamlaka kamili.

Kuloweka tangu usiku, hilo kwa mama halina mjadala, amelifanya maisha yake yote. Anayachagua kwenye ungo, anatoa mawe na yale yaliyotobolewa na wadudu, anayaosha, anayafunika kwa maji mengi. Asubuhi yale maji anayamwaga kwenye mpapai. Maharage yaliyovimba vizuri yanapunguza muda wa motoni mno, na ukiongeza kufunika sufuria badala ya kuliacha wazi kama wengi tunavyofanya, umeshaokoa mkaa mwingi. Hata kununua kuna maarifa. Maharage makuukuu, ya msimu wa juzi, hayaivi hata uyatie magadi. Afadhali uongeze mia mbili kwa kilo upate mapya.

Tulipogombana ni kwenye presha kuka ya umeme. Niliinunua kwa fedha ya mchezo, ule upatu wetu wa kuchangiana, zamu yangu ilipofika. Mama aliizunguka kwa macho siku nzima.

"Mwanangu, sufuria lisilofunuliwa utajuaje chumvi?"

"Mama, chumvi tunatia mwisho, pamoja na tui."

"Na likipuliza hivyo, si litapasuka?"

"Halipasuki, mama. Linatoa pumzi."

Hakujibu. Alivuta kigoda chake hadi mlangoni, karibu na pa kukimbilia. Yakaiva bila hata kuloweka, muda ambao jiko la mkaa lingekuwa ndiyo kwanza limekolea. Akayaonja, akayaunga mwenyewe kwa kitunguu, nyanya na tui zito. Hukumu yake: "Yameiva. Ila hayana moshi." Hapo sina la kusema, maana ni kweli hayana.

Niliangalia luku, mita yetu ya umeme, kabla na baada. Uniti moja haikuisha, na uniti kwa tarifa yetu ni shilingi 350 na kitu. Kopo la mkaa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Watu wanaogopa umeme wa kupikia kwa sababu ya majiko ya koili, na yale kweli yanakunywa. Hii si ndugu yao. Ikishapata joto inazima, inajikalia kimya, inawaka tena kidogo.

Umeme nao una msitu nyuma yake. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linategemea maji ya mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji hayo yanashuka kutoka bonde la Kilombero. Miti ya huko juu ikiisha, mto unaleta tope msimu wa mvua na unakauka kiangazi. Hili nilimweleza mama, akaniuliza kama wale wa TANESCO wanapanda miti. Swali zuri kuliko langu.

Jiko la mkaa halijatoka uani. Ndizi za kuchoma, samaki, na chapati za mama zinalihitaji, na siku umeme ukikatika ndilo mwokozi. Ila makopo ya mkaa tunayonunua yamepungua.

Kwenye mchezo wetu wanawake wawili wameomba wapelekewe presha badala ya fedha taslimu. Wanabishana kuhusu lita. Mmoja ana watoto watano na wapangaji wanaokula kwake; nimemwambia asichukue ya lita 5, atapika mara mbili na faida yote itaishia hapo.