Hesabu ya Mama: kutoka Minneapolis hadi Arlington

Umetimia mwaka mmoja na nusu tangu tuhame Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, tukaja Arlington, Texas. Usiku huu nimeamua kuiandika upya hesabu ya kuhama, kwa sababu ile niliyoifanya mwanzo ilikuwa ya mshahara peke yake.

Haikuwa hesabu ya uongo. Minnesota hutoza kodi ya mapato ya jimbo kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85, ilhali Texas haitozi hata senti, na tangu 2019 katiba yake inaikataza kodi hiyo. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, na ujira wangu wa kwanza wa huku ulipoingia benki nilimpigia simu kaka yangu aliyeko Tanga ili nijisifu. Tukanunua nyumba ya vyumba vinne, jambo ambalo kule hatukulithubutu. Kisha ikaja bili ya kodi ya kumiliki nyumba, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama za shule na miji ya Texas, nami nikaacha kujisifu. Kule watoto wangu walikuwa wakila kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bila malipo, kwa sheria ya 2023 isiyouliza mzazi anapata kiasi gani; hapa Texas ninalipa. Hata hivyo, nikijumlisha na kutoa, bado mwisho wa mwezi ninabaki na kitu kidogo zaidi kuliko zamani, na ingekuwa unafiki kukana.

Lakini katika hesabu ile sikumwandika Mama.

Minneapolis tulikaa karibu na Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi na stesheni ya treni ya mjini. Mama, ambaye Kiingereza chake hakivuki salamu, alitoka peke yake karibu kila siku ya kiangazi, akiwa na kadi yake ya nauli aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Alikwenda kununua nyama ya halali, akajua ni duka gani lina iliki nzuri, akapata shoga wa Kisomali aliyewahi kuishi Mombasa na anayezungumza Kiswahili cha kuchekesha. Mwaka 2023 baraza la jiji liliporuhusu adhana isikike kwa vipaza sauti kwa sala zote tano, alirudi nyumbani akaniambia, "Mwanangu, leo nimeitwa msikitini kama nipo Ngamiani, kule Tanga."

Arlington ina watu karibu laki nne, na haina mabasi ya kawaida ya abiria yenye njia na vituo. Nililijua hilo kabla ya kuhama, ila nililisoma kama mwenye gari. Duka la karibu liko umbali wa dakika arobaini kwa miguu, na sehemu ya barabara haina njia ya waendao kwa miguu. Julai, joto likivuka nyuzi 38, hata kijana hawezi kujaribu. Mama ana chumba chake na bafu lake, na husubiri nirudi kazini. Hajalalamika. Siku moja tu aliniuliza, akiwa anachambua mchele, "Hivi huku watu wazima hupelekwa kila mahali kama watoto?"

Sitaki kuipamba Minnesota. Januari baridi hufika nyuzi 25 chini ya sifuri, na Mama alikuwa akijifungia ndani wiki nzima, akiuliza ni kosa gani lililowaleta wanadamu kuishi mahali kama pale. Lakini barafu ikianguka, magari ya kuisafisha hupita alfajiri kabla hujaamka. Majirani wa hapa bado wanasimulia Februari 2021, baridi ilipoingia Texas, ambayo gridi yake ya umeme kwa sehemu kubwa imejitenga na ya majimbo mengine, na mamilioni ya watu wakakaa gizani siku kadhaa. Mimi niliyekulia kwenye mgawo wa umeme nilicheka kwanza, halafu nikaenda kununua mishumaa na jiko la gesi.

Wiki iliyopita nilimwekea Mama kwenye simu programu ya kuitia magari madogo ya mji, ambayo huchukua abiria popote ndani ya Arlington kwa dola chache. Nilimfundisha jioni tatu. Alipofahamu, aliuliza kama yatamfikisha kwenye treni, nikamwambia ndiyo, yanafika stesheni moja iliyo nje kidogo ya mji, na treni yake huenda Dallas na Fort Worth. Akafurahi, akasema basi twende pamoja siku yangu ya mapumziko. Mapumziko yangu ni Jumapili, na Jumapili treni hiyo kwa kawaida haifanyi kazi.