Mota si Yaka

Leo nimeshinda Kisenyi, Kampala, kwa shemeji yangu mwenye mashine ya kusaga mahindi, tunapanga bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Alikuwa ameweka vyote kapu moja: Yaka (umeme wa kulipia kabla), mishahara ya vijana, mikanda, magunia na mota mpya. Jumla ilitisha! Ungedhani mashine inamla yeye.

Tukaitoa mota. Itasaga miaka mingi, kwa hiyo ni mali. Bei yake hugawanywa katika miaka hiyo kama uchakavu. Yaka na mshahara ni gharama za uendeshaji, mwezi ukiisha nazo zimeisha.

Ubishi ulikuja kwenye matengenezo. Kusuka upya nyaya za mota ya zamani tuandike wapi? Mimi nasema: ikirudi tu hali yake ya awali, ni uendeshaji. Ukifunga yenye nguvu zaidi ili usage magunia mengi, huo ni mtaji, unaingia kwenye mali kama mota mpya. Shemeji hakukubali upesi (huwa hakubali upesi).

“Na URA?” akauliza, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda. Nikampa mfano wa kompyuta yake: sheria ya kodi ya mapato huipa uchakavu wa asilimia 40 kwa mwaka, bei yake haikatwi yote kwenye mapato kwa mkupuo. Fedha taslimu za mota lakini lazima zitafutwe sasa, kwa hiyo anamwomba muuzaji amruhusu kulipa kwa awamu.